Sydney Ringer na Maji ya Bomba

Askari aliyepata kulinda mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Bujumbura kupita Rumonge hadi Nyanza-Lac, anaujua ugonjwa wa kipindupindu bila kufundishwa. Ndio uliowavamia wakimbizi wa Burundi mwezi Mei 2015 pale Kagunga, ng'ambo ya mpaka, wakati meli ya Liemba ikiwachukua kwenda Kigoma. Mgonjwa huhara na kutapika hata macho yakadidimia, naye mganga humtundikia chupa ya maji ya mshipani. Juu ya chupa hiyo mara nyingi limeandikwa jina la Ringer. Wako wanaodhani ni jina la kiwanda. Kumbe ni la mtu.

Sydney Ringer alizaliwa mwaka 1836 mjini Norwich, Uingereza. Alisomea udaktari katika University College, London, akahitimu mwaka 1860, akabaki kutumikia hospitali ya chuo hicho. Kitabu chake juu ya dawa, kilichotoka mwaka 1869, kilipigwa chapa mara 13.

Lakini sisi twamkumbuka kwa moyo wa chura. Kila alipopata nafasi baina ya wagonjwa aliingia maabara, akautundika moyo uliokwisha kutolewa mwilini na kuulisha maji ya chumvi. Mwaka 1882 alitangaza kuwa moyo huo waendelea kupiga. Baadaye maji yalipotengenezwa kwa maji safi yaliyotoneshwa, moyo ulidhoofika, ukasimama. Alipochunguza alikuta kwamba yale ya kwanza yalikuwa yametengenezwa kwa maji ya bomba la London, yenye kalsiamu. Mwaka 1883 alichapisha sahihisho lake mwenyewe waziwazi, jambo ambalo si wakubwa wote hulithubutu. Akaonyesha pia kwamba kalsiamu peke yake haitoshi: ikizidi, moyo hukakamaa, potasiamu ikizidi, moyo hulegea na kunyamaza. Ni lazima ioni hizi zishikane mizani.

Katika miaka ya 1930 Mmarekani Alexis Hartmann aliongeza lakteti ili kupunguza asidi katika damu. Kazi kubwa ya kuigeuza lakteti hiyo hufanywa na ini, ambalo seli zake zimejaa mitokondria, yaani vinu vidogo vya nguvu. Na hapo kalsiamu ya Ringer yarudi tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu waligundua kuwa mitokondria hufyonza kalsiamu. Katika ini, magnesiamu huchelewesha uingiaji wake, fosfeti husaidia kuiweka akiba kwa wingi, na sodiamu huitoa nje, ingawa kwa udhaifu kuliko ifanyavyo moyoni. Protini iliyo mlango wenyewe ilitambuliwa mwaka 2011 tu. Maji ya Tanganyika, tuseme kwa kupita, yana magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu. Laiti Ringer angechota Rumonge, hesabu yake ingekuwa nyingine.

Nyumbani kwake palikuwa na huzuni. Binti yake alifariki angali mtoto, na kwa kumbukumbu yake Ringer aligharimia ukarabati wa kanisa la kale la kijiji cha Lastingham, Yorkshire. Alistaafu mwaka 1900, akahamia huko. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1910, akazikwa kijijini hapo pamoja na mkewe na binti yao.