Jason Sendwe: Mtoto wa Misheni Kati ya Kabila na Taifa



Kila mara uchaguzi unapokaribia, swali moja linarudi mpaka mlangoni mwa kanisa: nani mwenyeji, na nani amekuja tu? Mwaka 2023 lilirudi tena, na safari hii liligusa kwaya yetu. Wazee wawili walioimba pamoja miaka mingi waliacha kusalimiana. Baba wa mmoja alitoka Kasai kufanya kazi ya reli. Wa pili ni mtu wa upande wa Kabongo. Kila mmoja alikuwa na mgombea wake, na maneno waliyoambiana hayakuhusu tena barabara wala shule, yalihusu damu. Juma lile nilikuwa nikitayarisha Meza ya Bwana. Niliona haya, kwa sababu mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama madhabahuni, nilikuwa nimemtaja mgombea mmoja kama mtoto wetu. Ndipo nikarudia kusoma maisha ya Papa Jason Sendwe. Nawaletea hapa kwa ufupi.

Sendwe alizaliwa mwaka 1917 Mwanya, katika teritware ya Kabongo, katika jamaa ya Waluba. Alisoma katika shule za misheni ya Kiprotestanti. Alitamani kuwa daktari, lakini wakati ule Mwafrika wa Kongo ya Wabelgiji hakuwa na njia ya kufika huko. Basi alifanya kazi alizoweza kupata: alikuwa mwinjilisti, akawa mwalimu, akawa muuguzi. Watu wengi walimjua kwanza kwa kazi hizo kabla ya kumjua kwa siasa.

Tukumbuke Katanga ya siku zile ilikuwaje. Migodi ilitaka watu. Reli kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 njia ikafunguliwa kutoka Bukama mpaka Ilebo, ikipita hapa kwetu Luena, penye makaa ya mawe. Kazi iliwavuta watu kutoka kila upande, na hasa kutoka Kasai. Walijenga, wakazaa, wakazika wafu wao hapa. Lakini Desemba 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza katika mitaa ya Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, vyeo vya bourgmestre vilichukuliwa na watu waliotoka nje ya Katanga, hasa Kasai. Wengi waliojiita wenyeji wa kweli waliona wamenyang'anywa nyumba yao.

Mwaka ule wa 1957 Sendwe alianzisha chama cha Waluba wa Katanga, Balubakat. Mwaka uliofuata vyama vingine vya makabila ya Katanga viliungana na kuwa Conakat, ambayo baadaye iliongozwa na Moise Tshombe. Tusifiche jambo hili: Februari 1959 Balubakat iliingia katika Conakat. Kwa miezi kadhaa Sendwe na watu wake walikuwa nyumba moja na wale waliosema Katanga ni ya Wakatanga. Lakini Conakat ilisogea karibu na walowezi wa Kizungu, na ikataka Katanga ijitawale mbali na Léopoldville. Sendwe aliamini Kongo ni nchi moja. Novemba 1959 Balubakat ilitoka, ikaungana na chama cha Watshokwe na chama cha watu wa Kasai. Ndivyo lilivyozaliwa Cartel ya Katanga: watu waliohesabiwa wenyeji waliketi meza moja na watu walioitwa wageni.

Hapa mkristo lazima asimame kidogo. Tshombe naye alilelewa katika Kanisa la Methodiste. Watu wawili waliofundishwa Biblia ile ile, waliozoea nyimbo zile zile, walisimama kila mmoja mbele ya umati wake. Hatuwezi kusema mmoja alikuwa mtoto wa kanisa na mwingine wa dunia.

Uchaguzi wa Mei 1960 ulikuwa wa karibu sana. Katika baraza la jimbo lenye viti 60, Conakat ilipata 25 na Cartel ikaifuata kwa karibu. Wajumbe wengi waliobaki walikwenda upande wa Conakat. Wajumbe wa Cartel walisusa vikao ili baraza lisitimize hesabu iliyotakiwa na sheria. Mwezi Juni bunge la Ubelgiji likaibadilisha sheria ile, na Tshombe akaunda serikali. Sendwe alichaguliwa mbunge wa taifa. Serikali ya Patrice Lumumba ilitaka kumweka kuwa mjumbe wake mkuu katika Katanga, lakini jambo hilo halikutimia. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga.

Yaliyofuata wazee wetu wanayajua kwa mwili wao. Kaskazini ya Katanga iliwaka. Askari wa Tshombe walichoma vijiji vya Waluba. Vijana waliojiita wa Balubakat nao waliua watu wasio na hatia, na Novemba 1960 huko Niemba wapiganaji wa Kiluba waliwaua askari tisa wa Ireland waliokuja chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1961, mjini Elisabethville, zaidi ya watu 30,000, wengi wao Waluba wa Kasai na wa Katanga, walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Kura iliyopigwa kwa kabila ilikuwa imegeuka kisu.

Sendwe alifanya nini? Tangu mwanzo alikuwa mtu wa upole kuliko wengi wa chama chake. Oktoba 1960 alikwenda kaskazini chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, akiwasihi watu watulie. Rais Kasa-Vubu na Lumumba walipogombana, yeye alitafuta kuwapatanisha. Agosti 1961 aliingia katika serikali ya Cyrille Adoula akiwa naibu wa waziri mkuu. Alitaka shauri la Katanga liishe kwa mazungumzo. Lakini mazungumzo yalipovunjika mara kwa mara, moyo wake pia ulikuwa mgumu. Watu wake walianza kumwacha, na Januari 1963 bunge lilimwondoa serikalini. Mwezi ule ule kujitenga kwa Katanga kukaisha.

Septemba 1963 alikuwa rais wa jimbo la Katanga ya Kaskazini. Hakupata raha. Ndugu wa chama kimoja waligombania vyeo, na Machi 1964 aliondolewa kwa muda. Mwezi wa Juni waasi waliteka Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Tarehe 19 Juni 1964 Jason Sendwe aliuawa, katika mazingira ya kutatanisha. Hakuuawa na gendarme wa Tshombe. Adui yake wa siku za uchaguzi alikuwa ameondoka mamlakani, na ugomvi ulikuwa umehamia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wapendwa, somo la kwanza ni hilo. Anayeanza kwa kumfukuza mgeni hamalizi hapo. Mgeni akiisha kuondoka, atamtafuta jirani, kisha atamtafuta ndugu. Someni Waamuzi 12, jinsi watu wa Gileadi walivyowatambua Waefraimu kwa matamshi ya neno moja tu penye vivuko vya Yordani, wakawaua, na wote walikuwa Waisraeli. Sisi pia tumeyaona kwa macho yetu. Miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na treni zilizowabeba zilipita kwenye reli hii hii ya Luena. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga.

Somo la pili: ugonjwa huu si wa Kongo peke yake. Wamethodiste wa Marekani waligawanyika mwaka 1844, kaskazini na kusini, kwa sababu ya utumwa. Wa kusini walileta Injili Wembo-Nyama, wa kaskazini wakaileta Katanga. Waliungana tena mwaka 1939, lakini waliwaweka wakristo weusi katika mgawo wao peke yao mpaka mwaka 1968. Mpaka leo, katika uchaguzi wa Marekani, watu wanabishana juu ya rangi na juu ya watu wa kusini na wa kaskazini. Waliotuletea habari njema walikuwa na kidonda kile kile. Basi tusijidharau kana kwamba sisi tu tumelaaniwa, wala tusijifiche nyuma ya makosa ya wengine.

Somo la tatu linanihusu mimi na wachungaji wenzangu. Mkristo ana haki ya kuchagua chama. Mchungaji hana haki ya kuifanya madhabahu kuwa jukwaa la ukoo wake.

Jumapili ile niliahirisha Meza ya Bwana. Nililikiri kosa langu mbele ya kanisa, kisha nikaenda kwa wazee wale wawili, nyumba kwa nyumba, nikawasimulia maisha haya. Hawakupatana juu ya kura, na sikuwaomba wapatane juu ya kura. Baada ya majuma matatu walikuja Mezani, wakasimama upande kwa upande. Mmoja bado anasema mgombea wake ndiye aliyestahili.

Huko Lubumbashi kuna hospitali kubwa yenye jina la Jason Sendwe. Mtu aliyetamani kuwa daktari akanyimwa njia, leo jina lake liko mlangoni mwa nyumba ya waganga. Na katika vyumba vile mgonjwa wa Kasai analala karibu na mgonjwa wa Kabongo.

Mungu alifanye kanisa letu liwe nyumba ya namna hiyo, kabla ya uchaguzi na baada yake. Amina.