John Akii-Bua

John Akii-Bua (3 Desemba 1949 – 20 Juni 1997) alikuwa mwanariadha wa Uganda aliyeshiriki mbio za mita 400 kuruka viunzi. Ndiye Mganda wa kwanza kushinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki, na mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo kwa muda wa chini ya sekunde 48.

Maisha ya awali

Akii-Bua alizaliwa katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya 40. Baada ya baba kufariki, kijana huyo alikwenda Kampala na kujiunga na polisi. Huko kipaji chake kilionekana, akaanza na mbio fupi za viunzi za mita 110.

Kocha Malcolm Arnold kutoka Uingereza ndiye aliyemwelekeza kwenye mita 400. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 mjini Edinburgh alimaliza wa nne. Baada ya hapo aliongeza mazoezi, akikimbia na kuruka viunzi huku amevaa fulana yenye vitu vizito.

Olimpiki ya Munich

Fainali ya Olimpiki ilifanyika Munich tarehe 2 Septemba 1972. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na wakimbiaji wengi huiogopa. Mpinzani aliyetazamiwa zaidi alikuwa David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 aliyekuwa na rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Akii-Bua alishinda kwa sekunde 47.82. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili na Hemery wa tatu. Mwaka uliofuata alipata dhahabu nyingine katika Michezo ya Afrika mjini Lagos.

Chini ya utawala wa Idi Amin

Serikali ya Idi Amin ilimpandisha cheo katika polisi na kumpa nyumba. Lakini Walango, kabila la Akii-Bua na la rais aliyepinduliwa Milton Obote, walikuwa wakishukiwa na kuuawa, na baadhi ya ndugu zake walikuwa miongoni mwa waliouawa. Hivyo sifa yake ilimkinga kwa kiasi fulani, lakini pia ilimfanya aangaliwe kwa karibu.

Mwaka 1976 hakuweza kutetea taji lake mjini Montreal. Nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwemo, zilisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Edwin Moses wa Marekani alishinda na kuvunja rekodi ya Akii-Bua.

Uhamishoni

Mwaka 1979, jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda walipokaribia Kampala, Akii-Bua alikimbilia Kenya na familia yake. Akiwa polisi wa serikali iliyokuwa ikianguka, na Mlango aliyekuwa hatarini mbele ya askari wa Amin, hakuwa na upande salama. Alikaa katika kambi ya wakimbizi hadi kampuni ya viatu ya Puma ilipomsaidia kuhamia Ujerumani Magharibi, ambako alifanya kazi nayo. Mwaka 1980 aliiwakilisha tena Uganda katika Olimpiki ya Moscow, akaishia nusu fainali.

Kurudi na kifo

Alirudi Uganda mwaka 1983, akaendelea na kazi ya polisi na kufundisha wanariadha. Alifariki Kampala akiwa na umri wa miaka 47, mjane mwenye watoto 11, na akapewa mazishi ya kitaifa.

Uganda haikupata dhahabu nyingine ya Olimpiki hadi mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London. Uwanja wa michezo wa Lira na barabara moja ya Kampala vina jina la Akii-Bua.