Bui Tuong Phong: Msomi aliyeifundisha tarakilishi kung'arisha vitu

MKULIMA wa Kitale anayeanika mahindi kwenye turubai kando ya barabara hahitaji kufunzwa tabia za mwanga. Anajua kwamba jua linapochungulia juu ya milima ya Cherangani asubuhi, miale yake huja kimshazari na punje hukauka polepole. Anajua vilevile kwamba linapofika utosini, turubai lile lile huunguza unyayo. Naye mama anayeuza vyombo sokoni Bungoma anafahamu ni kwa nini jicho la mteja huvutwa na sufuria mpya kabla ya kukitazama chungu cha udongo kilicho kando yake. Sufuria ina doa la mwanga linalohama kadiri mteja anavyohama. Chungu hakina.

Mambo hayo mawili, mwale wa kimshazari na doa linalohama, ndiyo aliyoyaunganisha katika hesabu moja kijana wa Kivietinamu, Bui Tuong Phong, mnamo 1973 akiwa na umri wa miaka 30. Alifariki miaka miwili baadaye. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne sasa, hesabu yake au mabadiliko yaliyofanyiwa hesabu hiyo yamekuwa yakiangaza michezo ya tarakilishi, matangazo ya runinga na filamu nyingi zilizotengenezwa bila ya kamera. Vijana wanaohariri video za harusi mjini Kitale na Bungoma, wakiyazungusha majina ya maharusi kwa herufi za dhahabu zinazometameta, wanakula jasho lake pasi na kumjua.

Phong alizaliwa Hanoi tarehe 14 Desemba 1942, wakati Vietnam ilikuwa koloni la Ufaransa lililokaliwa na majeshi ya Japani. Nchi ilipogawanywa mwaka wa 1954, familia yake ilihamia kusini, katika jiji la Saigon, na huko akasomea shule ya sekondari ya mtaala wa Kifaransa. Mwaka wa 1964 alisafiri hadi Ufaransa. Alipata shahada ya sayansi Grenoble mwaka wa 1966, kisha diploma ya uhandisi Toulouse mwaka wa 1968, na mwaka huo huo akaajiriwa na IRIA, taasisi ya serikali ya Ufaransa ya utafiti wa tarakilishi. Kazi yake huko haikuhusu picha wala mwanga. Alishughulikia mifumo endeshi, ile programu ya ndani inayoratibu shughuli zote za mashine.

Alioa mwaka wa 1969. Binti yake alizaliwa mwaka wa 1971, na Septemba mwaka huo Phong akajiunga na Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani kusomea shahada ya uzamifu.

Utah ya wakati huo ilikuwa kwa wachoraji wa tarakilishi kama Makerere ilivyokuwa kwa waandishi wa Afrika Mashariki katika miaka ya sitini. Profesa David Evans ndiye aliyekuwa ameiasisi idara hiyo, na Ivan Sutherland, mmoja wa waanzilishi wa taaluma ya michoro ya tarakilishi, alikuwa miongoni mwa walimu. Darasani walikuwamo Ed Catmull, aliyekuja kuwa miongoni mwa waasisi wa kampuni ya filamu ya Pixar, na Jim Clark, aliyeanzisha Silicon Graphics. Fedha za utafiti zilitoka kwa wakala wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ARPA. Desemba 1972, ndege za wizara hiyo hiyo ziliishambulia Hanoi kwa mabomu usiku baada ya usiku, huku mzaliwa wa jiji hilo akiendelea na utafiti wake huko Salt Lake City. Ni vigumu kuusoma wasifu wa Phong bila ya kutua kidogo hapo.

Tatizo lililowakabili wanafunzi hao lilikuwa moja. Tarakilishi haiwezi kujenga mviringo kamili. Huujenga kwa vipande vidogo vya bapa, mithili ya mpira wa miguu ulioshonwa kwa vipande vya ngozi. Mwaka wa 1972 wanafunzi wa Sutherland, Phong akiwa miongoni mwao, waliligeuza gari aina ya Volkswagen kuwa umbo la namna hiyo. Walichora nukta na mistari juu ya bodi ya gari lenyewe, wakapima kila nukta kwa mkono, kisha wakaiingiza orodha ya vipimo katika mashine. Umbo lilitokea. Lakini kila kipande kilipopakwa rangi yake, gari lilionekana kama kinyago kilichochongwa kwa shoka butu.

Mfaransa Henri Gouraud, aliyehitimu Utah mwaka wa 1971, alikuwa amepata nusu ya dawa. Alikokotoa kiasi cha mwanga kwenye pembe za kila kipande tu, kisha akaiacha rangi ya pembe moja iyeyuke polepole hadi kufikia ya nyingine. Makunyanzi yalipungua sana. Kasoro iliyobaki ilikuwa doa la mng'ao. Iwapo doa hilo liliangukia katikati ya kipande, mbali na pembe zote, hesabu ya Gouraud haikuliona kabisa. Na kitu kilipozungushwa, doa lilichomoza na kupotea kama taa ya umeme yenye nyaya mbovu.

Phong aliliendea jambo hilo kwa njia nyingine. Badala ya kuyeyusha rangi, aliyeyusha mwelekeo. Kila pembe ya kipande huwa na mshale wa kubuni unaoonyesha uso wa kitu umeelekea wapi mahali hapo. Phong aliiacha mishale hiyo igeuke kidogo kidogo kutoka pembe hadi pembe, kisha akakokotoa mwanga upya katika kila nukta ya picha, kana kwamba uso ulikuwa wa mviringo kweli. Kipande kilibaki bapa. Ni jicho lililoaminishwa vingine.

Hesabu aliyoifanya katika kila nukta ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni mwanga hafifu uliotapakaa kila mahali, ule unaotuwezesha kuona chini ya meza hata pasipo taa. Ya pili ni ya mkulima wa Kitale: jinsi miale inavyozidi kulala kimshazari ndivyo uso unavyopata mwanga mchache, kanuni iliyowekwa na Johann Heinrich Lambert mnamo 1760. Ya tatu, iliyo mchango wake hasa, ni ya sufuria ya Bungoma. Mwanga ukigonga uso laini hudunda, na jicho lililo karibu na njia ya mdundo huo huona doa jeupe. Phong aliuwakilisha ukali wa doa hilo kwa namba moja tu. Namba ikiwa ndogo, doa hutanuka na kufifia kama juu ya ngozi iliyopakwa mafuta; ikiwa kubwa, doa husinyaa na kukaza kama juu ya chuma kilichosuguliwa.

Mwanafizikia mkali angemkosoa, na wengi walimkosoa baadaye. Namba ile haikutokana na sheria yoyote ya maumbile. Ilichaguliwa kwa sababu matokeo yake yalifanana na yale yanayoonekana kwa macho na kwa sababu ilikokotoleka upesi. Hesabu yake inaweza hata kukifanya kitu kirudishe mwanga mwingi kuliko kiliopokea, jambo lisilowezekana duniani. Phong hakujificha. Katika tasnifu yake alikiri kwamba hakutarajia kukionyesha kitu sawasawa na kilivyo. Alitaka picha iliyokaribia uhalisi kiasi cha kuridhisha.

Unyenyekevu huo huenda ulitokana na umaskini wa mashine za wakati ule. Huenda pia ulitokana na jambo jingine. Simulizi zinazomhusu husema kwamba tangu angali mwanafunzi alijua ana maradhi yasiyokuwa na tiba. Mtu wa namna hiyo hasubiri fizikia ikamilike.

Alihitimu mwaka wa 1973, na baadaye akafunza katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Juni 1975 jarida la chama cha wanatarakilishi cha Marekani, ACM, lilichapisha muhtasari wa kazi yake katika kurasa saba. Saigon, jiji alikokulia, lilikuwa limeanguka tarehe 30 Aprili mwaka huo huo. Saratani ilimuua mwaka huo pia, kabla hajatimiza miaka 33.

Yaliyofuata hakuyaona. Mnamo 1977 Jim Blinn, naye wa Utah, aliirekebisha hesabu yake ili iwe nyepesi zaidi, na umbo hilo likaingizwa katika OpenGL, mfumo wa michoro uliotolewa mwaka wa 1992 na Silicon Graphics ya Jim Clark. Catmull na wenzake wa Pixar walitoa Toy Story mwaka wa 1995, filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa tarakilishi. Mwaka wa 2020 Catmull, pamoja na Pat Hanrahan, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Turing ya mwaka wa 2019, iliyo ya juu kabisa katika taaluma hiyo. Kufikia wakati huo studio kubwa za filamu zilikuwa zimehamia kwenye hesabu zinazoifuata fizikia kwa karibu zaidi, zinazoufuatilia mwale unapodunda kutoka kitu hadi kitu. Ubunifu wa Phong ulibaki katika programu nyepesi, katika michezo, na katika masomo ya kila anayeanza.

Limebaki pia jina, ingawa kwa walakini. Kwa desturi ya Vietnam jina la ukoo hutangulia: ukoo wake ni Bui, na Phong ni katika majina aliyopewa. Wazungu walilichukua la mwisho wakidhani ndilo la ukoo, na hadi leo orodha nyingi za vitabu zinamweka chini ya herufi P. Bungoma hili halihitaji maelezo marefu. Huko jina Wafula hueleza kwamba mtu alizaliwa wakati wa mvua, na Wekesa wakati wa mavuno. Ni jina la majira, na mtu anaweza kuwa nalo bila ya kuwa jamaa ya Wafula mwingine yeyote. Hilo halijawazuia makarani wa kigeni kuliandika kana kwamba akina Wafula wote ni wa nyumba moja. Kwa haki, Wavietinamu wenyewe humwita mtu kwa jina lake la mwisho, kwa hivyo Phong asingekataa kuitika. Waliopoteza ni akina Bui.

Katika programu ya Maya, inayotumika katika kutengeneza filamu, anayetaka kukivisha kitu uso hufunguliwa orodha fupi ya kuchagua. Humo yamo majina ya Lambert, Blinn na Phong. Akimchagua Phong, huonyeshwa kitelezi cha namba ile ya mng'ao, akakisogeza kulia na kushoto hadi herufi zake za dhahabu zing'ae apendavyo.