Alexander Mackay: Mzungu wa Kazi (1849–1890)



Sisi wa Kibaha na Kisarawe tumezoea njia kuu. Malori ya bara hupita Kibaha usiku na mchana, na reli ya TAZARA hukatiza wilaya ya Kisarawe. Lakini mwaka 1877 mizigo yote ya bara ilikwenda kichwani mwa wapagazi, katika vijia vya mtu mmoja mmoja. Mwaka huo Waingereza walijaribu kufungua barabara mbili za mikokoteni. Moja, iliyofadhiliwa na tajiri William Mackinnon na wenzake, ilianzia Dar es Salaam ikapita Uzaramo, ikaachwa baada ya kilomita 117 hivi. Nyingine ilianzia Saadani, katika mkoa wetu wa Pwani, ikafika Mpwapwa, umbali wa kilomita 370 hivi. Msimamizi wake alikuwa mhandisi Mskoti mwenye umri wa miaka 27, Alexander Mackay.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland. Baba yake, mchungaji, alitamani mwanawe afuate nyayo zake, lakini kijana alivutwa na mitambo. Alisomea uhandisi Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Berlin kufanya kazi ya kuchora mitambo kiwandani. Huko, mwaka 1875, alisoma ombi la Stanley kwamba wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Akajitoa kwa shirika la kimisionari la Kianglikana, CMS, akitaka kumtumikia Mungu kwa ufundi wake. Alifika Zanzibar mwishoni mwa Mei 1876.

Safari yake ya kwanza ya bara ilikatizwa na homa, akarudishwa pwani. Alipopona ndipo akaifungua barabara ya Saadani, akiongoza vibarua kufyeka vichaka na kupasua kingo za makorongo. Hata hivyo ng'ombe wa kukokota waliuawa na mbung'o, na wapagazi wakaendelea kubeba. Desemba 1877 wenzake wawili waliuawa Ukerewe. Mackay hakurudi nyuma, na Novemba 1878 alifika kwa Mutesa.

Pale alijenga, alifua chuma, alichimba kisima na kufunga pampu, akachapa vitabu vya kusomea kwa Kiganda. Mama wa Kabaka alipofariki mwaka 1882, alitengeneza majeneza matatu, moja ndani ya jingine. La nje lilikuwa kubwa kama kibanda. Katika ikulu ambako wakubwa waliona kazi ya mikono ni ya watumwa, watu walimwita Mzungu wa Kazi. Jioni, vijana walikuja kwake kujifunza kusoma Injili.

Hapa hatuna budi kusema ukweli. Februari 1879 walifika Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Mapadre Weupe. Mackay alikuwa amelelewa kuamini kwamba Kanisa letu limepotoka, na ulimi wake ulikuwa mkali. Lourdel naye hakulegeza. Walibishana mbele ya Kabaka, hata yeye akashangaa amwamini nani. Mbegu hiyo ilizaa matunda machungu: mwaka 1892 Wakatoliki na Waanglikana walipigana vita Mengo.

Lakini vijana wao walikuwa wameshatoa jibu lingine. Mutesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akaanza kuwaua Wakristo. Januari 1885 waliuawa vijana watatu wa Mackay, ingawa alikwenda kuwaombea. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, Karoli Lwanga na wenzake Wakatoliki walichomwa moto pamoja na Waanglikana. Waliokuwa wamefundishwa na walimu wasiopatana walikufa bega kwa bega, wakimkiri Kristo mmoja.

Mwaka 1887 Mackay alifukuzwa Buganda, akahamia Usambiro, kusini mwa Ziwa, katika nchi yetu. Aliendelea kujenga, kutafsiri na kuchapa. Mwaka 1889 Stanley alipita hapo akamsihi arudi Ulaya kupumzika. Alikataa, kwa kuwa hakuwepo wa kushika nafasi yake. Februari 1890 malaria ilimwua, akiwa na miaka 40, bila kuona tena kwao tangu aondoke. Miezi mitatu baadaye Lourdel naye alifariki Buganda, akiwa na miaka 36. Mwaka 1927 mabaki ya Mackay yalihamishiwa Namirembe.

Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi wetu 22, na katika mahubiri yake akawakumbuka pia wale Waanglikana.

Tunaojiandaa kwa upadre tujifunze kwa Mackay kutoona haya kushika jembe na nyundo, na kubaki tulipotumwa. Ukali wake tusiurithi. Katika parokia zetu wapo majirani Waanglikana na Walutheri. Tunapokutana nao msibani au kisimani, tukumbuke majivu ya Namugongo, ambayo hakuna awezaye kuyatenganisha.

Mashahidi wa Uganda, mtuombee.