Tippu Tip: Tajiri wa Kizanzibari, Njia ya Kilosa na Hesabu Iliyobaki

Himdi zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, hakuna familia hapa visiwani isiyo na mtu aliyekwenda bara kutafuta riziki. Wapemba na Waunguja wana maduka na biashara katika miji mingi ya Tanzania Bara, na wengine wanafika Zambia na Kongo. Anayekwenda huko kwa barabara hupita Morogoro, kisha Mikumi, ambako barabara kuu inakata ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 na abiria huona tembo wakila majani. Kaskazini ya hapo ipo Kilosa, pale mto Mkondoa unaposhuka kutoka milima ya Usagara na kuingia katika uwanda wa Mkata.

Njia hiyo si ngeni kwa watu wa visiwa hivi. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka uwanda huo huo na kupanda bonde hilo hilo. Wafanyabiashara wengi waliitumia, lakini jina linalotajwa zaidi ni la Hamed bin Muhammad bin Juma al-Murjebi, aliyejulikana kwa lakabu ya Tippu Tip. Nyumba yake bado ipo Shangani, Mji Mkongwe. Makala hii inaangalia maisha yake kwa jicho la biashara: kipi kilimwinua, kipi kilimwangusha, na kipi kimebaki katika hesabu yake mbele ya Mola wake.

Kuzaliwa na kuanza kazi

Hamed alizaliwa Unguja kiasi cha mwaka 1837, zama za Sayyid Said bin Sultan. Baba yake, Muhammad bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyeweka makao Tabora, akaoa katika ukoo wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Mama yake alitokana na Waarabu wa asili ya Maskati. Kwa upande wa baba alikuwa na damu ya Kiafrika, na hilo lilionekana katika sura yake.

Alianza akiwa na kiasi cha miaka 12, akifuatana na jamaa zake kununua sandarusi mwambao wa pwani. Alipofika miaka 18 baba yake alimchukua kwenda bara. Hakupewa mali nyingi, maana alionekana bado kijana. Walipovuka ziwa Tanganyika na kufika Urua, wenziwe wote walikimbilia pembe kubwa, ambazo bei yake ilikuwa juu. Yeye akanunua pembe ndogo ndogo, zilizokuwa nyingi na rahisi, na akarudi na faida. Wazee wa biashara wakaanza kumtazama kwa jicho jingine.

Mtaji wa uaminifu

Biashara ya bara haikuhitaji fedha mkononi kwanza. Ilihitaji mali: merikani, kaniki, shanga na masango ya shaba. Mali hiyo ilikuwa kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, na mkubwa wao alikuwa Taria Topan, mtu wa Kutch, aliyekuwa pia msimamizi wa forodha ya Zanzibar. Mfanyabiashara alichukua mali kwa deni, akaenda nayo bara, na akalipa kwa pembe atakaporudi. Safari ingeweza kuchukua miaka. Tajiri hakuwa na njia ya kumfuata mdaiwa wake Manyema. Alichokuwa nacho ni hati na sifa ya mtu.

Hapa Hamed alikuwa imara. Alikopa, alirudi, alilipa, na akakopa zaidi. Baada ya safari yake ya Itabwa, ambako alimpiga mtawala Nsama na kuteka pembe nyingi, Taria Topan alikuwa tayari kumkabidhi mali kubwa zaidi. Kwa mali hiyo Hamed aliondoka kiasi cha mwaka 1870 na hakuiona tena Unguja mpaka mwaka 1882. Miaka 12 deni la mtu lipo bara, na bado mwenye mali hakukata tamaa.

Uislamu umelipa jambo hili uzito mkubwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Na Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuliza habari za deni la maiti kabla ya kumsalia. Kijana wetu anayepewa mali na mwenye duka Darajani au Kariakoo ili akauze bara ajue kuwa neno lake ndio mtaji wake wa kwanza.

Njia, majira na hongo

Kutoka Bagamoyo msafara ulipita Uzaramo na Ukwere mpaka Simbamwene, mji wenye boma uliojengwa na Kisabengo mahali ilipo Morogoro leo. Mbele yake ni uwanda wa Mkata. Kiangazi ulikuwa mbuga ya wanyama. Masika uligeuka ziwa la tope. Henry Morton Stanley alipouvuka masika ya mwaka 1871, watu na punda wake walikwama siku kadhaa katika maji. Baada ya hapo njia ilifuata mto Mkondoa, ambao wasafiri wa wakati huo waliuandika Mukondokwa, ikapanda Usagara mpaka Mpwapwa, kisha Ugogo, ambako kila mtawala alidai hongo ya nguo na shanga.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Mwenye msafara aliyekosea majira alipoteza nguo zilizooza kwa maji, wapagazi waliokufa au kutoroka, na miezi ya chakula. Ilimbidi pia ajue bei ya hongo na watawala wa kila nchi. Tippu Tip alikuwa hodari katika hayo. Waarabu wa Tabora walipokuwa na vita na Mirambo tangu mwaka 1871, yeye alichagua kupatana na Mirambo, na mali yake ikapita salama kwenda pwani.

Tabia ya nchi ya Kilosa haijabadilika sana. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko ya mto Mkondoa yalivunja nyumba za watu na kung'oa reli. Reli mpya ya kisasa inayopita Kilosa imelazimika kutobolewa mahandaki katika milima ile ile. Mfanyabiashara wa leo asiyeuliza habari za mvua kabla ya kupakia vitunguu au mchele ana hasara ile ile ya mwenye msafara.

Watu waliobeba mizigo

Sasa tunafika mahali pazito. Ndugu msomaji, si haki kumtaja Tippu Tip kwa uhodari tu tukanyamaza mengine.

Msafara ulitegemea mabega ya watu. Wapagazi wengi, khasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na walijua thamani yao. Safari moja Hamed alipokuwa akitafuta wapagazi Uzaramo, waliokwisha kuchukua ujira walimtoroka. Alichofanya ni kuvamia vijiji, kukamata mamia ya watu na kuwafunga minyororo ili wabebe mizigo yake. Watu wakamwita Kingugwa Chui, kwa vile aliruka huku na huku bila kuchagua wa kumrarua. Mkosaji alikuwa aliyekimbia na ujira. Adhabu wakapata jirani zake ambao hawakuchukua chochote.

Huko Utetera alipata utawala na pembe nyingi kwa kudai kuwa bibi yake alikuwa wa ukoo wa mtawala Kasongo Rushie, maneno yaliyotungwa kwa ajili ya kupata mali. Manyema, Kasongo na Nyangwe ziligeuka vituo vya kukusanya pembe na watu. Vijiji vilichomwa, na watu huru walitekwa wakawa watumwa. Sayyid Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873 na akapiga marufuku misafara ya watumwa bara mwaka 1876, lakini kazi hiyo iliendelea huko mbali. Yeye mwenyewe, karibu na mwisho wa uhai wake, alihesabiwa kuwa na mashamba 7 na watumwa wapatao 10,000.

Wapo wanaomtetea kuwa zama zile zilikuwa hivyo. Lakini mafundisho yalikuwepo kabla yake kwa zaidi ya miaka 1,200. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Allah Mwenyewe atakuwa khasimu wa watu watatu Siku ya Kiama: aliyeahidi kwa jina Lake kisha akavunja ahadi, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akakamilishiwa kazi asimlipe ujira wake. Mtu huru aliyetekwa kijijini kwake hakuwa halali kuuzwa, si kwa zama zile wala kwa zama yoyote. Na wapo pia wanaotaka dhulma hiyo iwe ni ya Uislamu. Hao nao wamekosea, kwani sharia ndiyo inayomhukumu mwenye kutenda.

Dola zinapobadilika

Mwaka 1884 na 1885 mataifa ya Ulaya yalikaa Berlin, na baada ya hapo bara likaanza kugawanywa. Tippu Tip alikuwa akitegemea bendera ya Sultani. Barghash akamweleza wazi kuwa hana tena uwezo juu ya bara, kwani hata Unguja yenyewe ilikuwa hatarini. Mwaka 1887 akakubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold wa Ubelgiji, mtu ambaye dola yake ya Kongo ilikuja kuwaua wenyeji wengi kwa ajili ya mpira. Alidhani atailinda biashara yake kwa kuwa ndani ya serikali mpya.

Haikuwa hivyo. Aliondoka Kongo mwaka 1890 na akarudi Unguja. Kati ya mwaka 1892 na 1894 vita baina ya Wabelgiji na Waarabu wa Manyema vilimaliza kila kitu. Mwanawe Sefu aliuawa mwaka 1893. Maghala, pembe na mashamba ya huko yakapotea. Rumaliza, mwenzake wa zamani katika ushirika, akamfungulia madai, na mali yake nyingine ya bara ikaondoka katika kesi hiyo. Kule Kilosa Wajerumani walikwisha kuingia, na baadaye wakaleta reli. Kazi ya wapagazi wa masafa marefu ikaanza kufa.

Mwisho wake

Miaka yake ya mwisho aliishi Shangani. Aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode, Mjerumani, akazichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya mtu kusimulia maisha yake kwa lugha yetu. Alifariki hapa Unguja mwezi Juni 1905, mwaka 1323 Hijria, na hukumu yake iko kwa Allah peke Yake.

Tunachojifunza

Kwa mwenye biashara, maisha haya yana mambo yaliyo wazi. Lipa deni kwa wakati, utaaminiwa zaidi ya fedha uliyonayo. Usikimbilie kinachokimbiliwa na wote. Jua njia, majira na watu wa nchi unayokwenda. Ushirika uandikwe na hesabu ifanywe mapema, ili ndugu wasifike mahakamani uzeeni. Usijenge mali yako yote juu ya mgongo wa mtawala mmoja, kwani tawala hubadilika.

Lakini la kubwa ni watu. Kuli anayepakia lori lako Mikumi, mkulima wa Kilosa anayekuuzia mazao akiwa na shida ya ada ya skuli, binti unayemleta mjini kufanya kazi za ndani: hao ndio wapagazi wa leo. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka. Anayechelewesha mshahara hali anao, au anayeshusha bei kwa kuwa mwenziwe hana pa kwenda, ameshika njia ile ile hata kama hana bunduki wala mnyororo.

Pembe zote zilizopita bonde la Mkondoa zimekwisha, na walioziuza na walionunua hawapo. Kilichobaki ni haki za watu waliozibeba, na hizo hazifutwi na vita wala na kupita kwa miaka. Mwenye haki ya mtu leo na airejeshe leo, angali hai na mwenye haki yake angali hai.

Tunamuomba Allah atupe riziki ya halali, atuepushe na kula jasho la watu, na atusamehe sisi na waliotutangulia. Amin.