Mo Amin: Jamaa aliyebaki na mkono mmoja na bado akashika kamera

Kama umewahi kutoka Lodwar hadi Kalokol ukajaribu kunasa kwa simu ndege wa majini wakiruka juu ya Ziwa Turkana, shida unaijua. Upepo unakusukuma, mchanga machoni, na ukibonyeza, ndege keshapita. Unabaki na picha ya anga tupu. Na hapo una mikono miwili!

Sasa mfikirie Mohamed Amin.

Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka wa 1943, akakulia Dar es Salaam. Akiwa bado mtoto wa shule alianza na kamera ya mtumba. Kufikia 1963 tayari ana kampuni yake, Camerapix. Hakungoja kuajiriwa. 1966 kazi hiyo ilimponza: akafungwa Zanzibar karibu mwezi mzima. Alipotoka, akahamia Nairobi na kuendelea.

Huku kwetu alikujua. Alilizunguka ziwa na kamera yake, na 1981 kikatoka kitabu chake, Cradle of Mankind. Hadi leo kuna watu wakisikia Turkana wanafikiria njaa na vumbi tu. Mo aliona ziwa, watu na maisha yao, akayapa kitabu kizima.

Njaa pia hakuifumbia macho. Oktoba 1984 picha zake kutoka Korem, Ethiopia, zilionyeshwa BBC, dunia ikashtuka. Mwaka uliofuata wanamuziki wakubwa wakafanya tamasha la Live Aid kuchangisha pesa.

Halafu Juni 1991, ghala la silaha likalipuka Addis Ababa. Mwenzake wa kunasa sauti, John Mathai, akafa palepale kazini. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Kamera za televisheni enzi hizo zilikuwa mzigo wa begani, si kitu cha mfukoni. Wengi wangestaafu. Yeye alivalishwa mkono wa bandia, akarudi kazini.

Novemba 23, 1996, akirudi Nairobi kutoka Addis, ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda ilitekwa. Mafuta yakaisha, ikaanguka baharini Komoro. Watu 125 walikufa, Mo akiwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 53.

Kwa hivyo wewe wa Lodwar au Kakuma unayesema simu yako ni mbovu, hebu rudi ziwani. Ndege wa kwanza akikuponyoka, usifunge kamera. Ngoja wa pili.