John Michael Kohler

John Michael Kohler (3 Novemba 1844 – 5 Novemba 1900) alikuwa mfanyabiashara wa Marekani mzaliwa wa Austria. Anakumbukwa hasa kama mwanzilishi wa kampuni ya Kohler, inayotengeneza mabafu, masinki na vyombo vya choo.

Maisha

Alizaliwa Schnepfau, kijiji cha milimani katika jimbo la Vorarlberg. Mwaka 1854 familia yake ilihamia Marekani na kuanza kilimo katika Minnesota. Ujanani alifanya kazi ya uuzaji mjini Chicago. Mwaka 1871 alimwoa Lillie Vollrath wa Sheboygan, Wisconsin, na miaka miwili baadaye, pamoja na mshirika wake, alinunua kiwanda cha baba mkwe wake cha kusubu chuma.

Kazi

Mwanzoni kiwanda kilitengeneza zana za kilimo na mapambo ya chuma. Mwaka 1880 karakana yake iliungua moto, ikabidi ijengwe upya.

Mwaka 1883 Kohler alichukua hori la chuma la kunyweshea farasi, lililotumika pia kunyonyolea nguruwe kwa maji ya moto. Alilipasha joto hadi takriban nyuzi 930 za Selsiasi, akalinyunyizia unga wa enameli. Unga huo uliyeyuka na kushikamana na chuma, ukawa utando laini kama kioo. Hori likaongezewa miguu minne, likawa bafu. Inasimuliwa kwamba mnunuzi wa kwanza, mkulima, alilipa kwa ng'ombe mmoja na kuku 14.

Faida ilikuwa kubwa. Chuma kitupu hushika kutu, na mbao hunyonya maji na kuficha uchafu, lakini enameli husafishwa kwa urahisi. Watu wengi wakati huo walikuwa wanaanza kuelewa uhusiano wa uchafu na magonjwa, hivyo soko lilikua haraka.

Siasa na familia

Kohler alikuwa pia meya wa Sheboygan. Lillie alifariki mwaka 1883, na mwaka 1887 Kohler alimwoa Minnie, dada wa marehemu.

Urithi

Kohler alifariki wakati kiwanda kikihamishiwa nje ya mji, hivyo hakuona matunda ya uhamisho huo. Wanawe waliendeleza kazi, na makazi yaliyokua kando ya kiwanda yakawa kijiji cha Kohler mwaka 1912. Mwanawe Walter alikuwa gavana wa Wisconsin (1929–1931), na mjukuu wake, pia Walter, alishika cheo hicho miaka 1951–1957.